Timu Haifi kwa Kufungwa



Jumamosi iliyopita, jua likiwa limeanza kupoa, nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Likombe, katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, nikiwatazama watoto wa jirani wakicheza mpira wa makaratasi. Walikuwa wamegawanyika kama ilivyo desturi ya nchi hii: upande mmoja Simba, upande wa pili Yanga. Mtoto mmoja alikuwa hajapata nafasi upande wowote, akawa amesimama pembeni na kidole mdomoni. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Wewe nawe anzisha timu yako, uiite Ndanda."

Akanitazama, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Babu, Ndanda ni nani?"

Alidhani ni jina la mchezaji. Mtoto mwenyewe hajafikisha miaka kumi, na amezaliwa hapahapa Mtwara, mwendo wa miguu tu kutoka Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Sikumcheka. Swali lake limenikaa moyoni juma zima, na ndilo lililonileta leo mbele ya kipaza sauti.

Basi kwa wale wasiojua, na kwa wale waliosahau, Ndanda ni nani? Ndanda ni timu ya kandanda ya Mtwara, iliyobeba jina la ule mji mdogo wa wilaya ya Masasi wenye misheni na hospitali. Washabiki wake tulijiita Wana Kuchele, kwa maana kwetu sisi kulikuwa kumekucha. Ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2014/15, pamoja na Stand United ya Shinyanga na Polisi Morogoro. Siku ya kwanza kabisa ya msimu huo, Septemba 20, 2014, ilikwenda Shinyanga na kuwafunga wenyeji wao Stand United mabao manne kwa moja. Nakumbuka jioni ile. Watu wazima walipigiana simu kama kwamba kuna harusi. Mwisho wa msimu walioshuka walikuwa Polisi Morogoro na Ruvu Shooting. Ndanda ikabaki.

Ikabaki misimu sita. Kwa timu kubwa za Dar es Salaam misimu sita si kitu, lakini kwetu ilikuwa neema. Mtwara ni mbali, ndugu msikilizaji. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 560, na hapo ndipo timu nyingine zinapoanzia safari zao. Timu ya Dar es Salaam ikienda Mwanza imekwenda ugenini. Timu ya Mtwara ikienda Mwanza imekwenda Dar es Salaam kwanza, halafu ndiyo ikaanza safari ya Mwanza, na yote pamoja ni zaidi ya kilometa 1,500 kwenda tu. Msimu wa kwanza ligi ilikuwa na timu 14, yaani mechi 26. Kufikia msimu wa 2018/19 timu zilikuwa 20, mechi zikawa 38, na kati ya hizo 19 ni za ugenini. Na msimu huohuo wa mechi 38 ndio ulioendeshwa bila mdhamini mkuu wa ligi. Aliyewahi kupeleka hata timu ya shule mashindanoni kwa lori la kuazima anaweza kuipiga hesabu hiyo mwenyewe: mafuta, chakula, malazi, posho, na tairi litakalopasuka njiani.

Msimu wa 2019/20 ulikatika katikati. Mwezi wa Machi 2020 michezo ilisimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ikarudi mwezi wa Juni. Ligi ilipokwisha, timu nne zilizokuwa mkiani zilishuka moja kwa moja: Singida United, Lipuli ya Iringa, Alliance ya Mwanza, na Ndanda ya Mtwara. Mbao ya Mwanza nayo ikafuata kwa njia ya mchujo. Tangu hapo, hadi ninapozungumza nanyi, Ndanda haijarudi Ligi Kuu.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika. Ndanda iliposhuka, mimi mwenyewe niliacha kwenda uwanjani. Sikumwambia mtu kwamba nimeacha. Juma la kwanza nilisingizia mvua, la pili nilisingizia mgonjwa, la tatu sikusingizia kitu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniuliza. Skafu ikakaa kabatini. Na jioni za ligi nikajikuta pale kwenye banda la televisheni, nikiwashangilia watu ambao hawajui hata Likombe iko upande gani wa nchi.

Siku moja nilikuwa napita karibu na lango la uwanja nikakutana na mama mmoja ambaye tangu enzi za Ligi Kuu alikuwa akituuzia ming'oko ya kuchemsha, ile ya kula na chumvi na pilipili. Alikuwa palepale, na beseni lake lilelile.

"Shikamoo, Mwalimu. Umepotea!"

"Marahaba, mama. Mimi nipo. Mpira ndio umepotea."

"Mpira haujapotea," akasema. "Vijana wanacheza hapa kila Jumapili. Mliopotea ni ninyi."

Nikajitetea. Nikamwambia, mama, timu imeshuka, tutashangilia nini? Akanifungia ming'oko yangu taratibu, akanikabidhi, ndipo akaniuliza, "Mwalimu, ile miaka bei ya korosho inapoanguka, wewe umeona nani amekata mikorosho yake? Si tunapalilia, tunapuliza salfa, tunangoja mwaka mwingine?"

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nina mikorosho michache niliyoachiwa na marehemu baba, na imeniona katika miaka mibaya kuliko hata Ndanda. Msimu wa 2018, bei ilipovurugika hadi Serikali ikaagiza jeshi liingie kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, watu walikaa na magunia na wasiwasi. Lakini mwaka uliofuata mashamba yalifyekwa, na mikorosho ikatoa maua.

Nilimsimulia maneno ya mama huyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesoma Houston, katika jimbo la Texas kule Marekani. Hunipigia simu mwisho wa juma. Akacheka sana, kisha akasema, "Mjomba, mama huyo angefaa kuja huku Prairie View." Nikamuuliza Prairie View ni nini. Ndipo akanipa habari ambayo baadaye niliifuatilia mwenyewe, na leo nataka nanyi muisikie.

Wamarekani wana mpira wao ambao wanauita futiboli, ingawa mguu huugusa mara chache. Mpira wenyewe una umbo la yai, wachezaji huvaa kofia ngumu na mabega ya bandia, na kazi kubwa ni kuubeba mkononi na kuusogeza mbele huku wengine wakikuangusha. Mchezo huo una timu za kulipwa, lakini kwa miji mingi midogo timu yenye nguvu moyoni mwa watu ni ile ya chuo kikuu. Mechi ya kwanza ya vyuo ilichezwa mwaka 1869, kati ya Rutgers na Princeton. Leo uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi ya watu 107,601. Sikukosea, ndugu msikilizaji. Ni uwanja wa chuo, na unapita kwa mbali Uwanja wa Benjamin Mkapa, ambao huingiza watu 60,000. Msimu wao huanza mwishoni mwa Agosti na mechi za kawaida huisha kuelekea mwisho wa Novemba, miezi ileile ambayo sisi huku tunaokota korosho.

Sasa Chuo Kikuu cha Prairie View A&M si tajiri kama Michigan. Kilianzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya watu weusi wa Texas, miaka 11 tu baada ya watumwa wa jimbo hilo kutangaziwa uhuru, na kilijengwa juu ya ardhi iliyokuwa shamba la watumwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 timu yao ilikuwa miongoni mwa timu bora kabisa za vyuo vya watu weusi nchini humo. Halafu ikaanza kushuka. Fedha zikapungua. Mwaka 1990 chuo kikasimamisha timu kabisa, msimu mzima usichezwe. Mwaka 1991 timu ikarudi uwanjani, ikiwa haina fedha za kuwavuta wachezaji wazuri kama wenzao.

Na ikaanza kufungwa. Ikafungwa msimu wa kwanza wote. Ikafungwa msimu wa pili wote. Ikafungwa wa tatu. Ukijumlisha na zile mechi za mwisho za mwaka 1989, timu ile ilifungwa mara 80 mfululizo. Mara themanini, bila kushinda hata moja, wala sare. Hakuna timu ya chuo nchini Marekani iliyowahi kufungwa mfululizo kiasi hicho. Kijana aliweza kuingia chuoni, akacheza miaka yake yote minne, akahitimu, akaoa, bila kujua ladha ya kushinda. Magazeti ya nchi nzima yaliwacheka.

Septemba 26, 1998, walicheza na Chuo cha Langston cha Oklahoma wakashinda 14 kwa 12. Fikiria furaha yao. Na mwaka 2009 timu hiyohiyo ikachukua ubingwa wa kanda yake, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1964.

Nilimuuliza mpwa wangu, hao watu walikuwa wakienda uwanjani kutazama nini miaka yote hiyo? Akaniambia, "Mjomba, wengine walikwenda kutazama bendi." Chuo kile kina bendi kubwa ya matarumbeta na ngoma, na katika vyuo vya watu weusi bendi wakati wa mapumziko ni jambo zito kuliko hata mchezo. Nyumbani kwetu mtu husubiri mapumziko ili akanunue maji. Kule mtu akiwa nje huingia ndani haraka wakati wa mapumziko, asije akaikosa bendi. Waliosoma pale zamani hurudi na watoto wao, na wazee hukutana na wenzao waliolala nao bweni moja. Timu ikafungwa, lakini Jumamosi yao haikufungwa.

Najua kuna msikilizaji ambaye tayari amekunja uso. Atasema, huyo Mwalimu anatulinganisha na Marekani, nchi yenye fedha za kuchezea. Tena kule hakuna kushuka daraja; ukifungwa mara themanini unabaki ulipo, wakati sisi ukifungwa unatupwa chini. Hoja hiyo ni ya kweli, nami siipingi. Tena nitaongeza nyingine. Mpira wa vyuo vya Marekani una dhambi zake. Kwa miaka mingi makocha walilipwa mamilioni ya dola huku wachezaji wakiambiwa watosheke na ada ya masomo, na ni mwaka 2021 tu waliporuhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na mwaka 2025 vyuo vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Sitaki tuige hayo.

Ninachotaka tukitazame ni kitu kimoja. Timu ya Prairie View ilisimamishwa mwaka 1990, ikafufuliwa mwaka uliofuata. Nani aliifufua? Mwenyewe. Alikuwepo mwenyewe. Chuo kilikuwepo, wanafunzi wapya walikuja kila mwaka, na waliohitimu walikuwepo mitaani na makazini. Kocha aliondoka, mchezaji alimaliza masomo, mkuu wa chuo alistaafu, lakini mwenye timu alibaki palepale. Timu isiyo na mwenyewe haihitaji kufungwa mara themanini. Msimu mmoja mbaya unaitosha.

Turudi nyumbani tuone kama ninasema uongo. Nimekwisha sema kwamba mwaka 2015, Ndanda iliponusurika, mmoja wa walioshuka alikuwa Ruvu Shooting. Ruvu Shooting ilikuwa timu ya jeshi, ya Jeshi la Kujenga Taifa. Ilishuka, ikakaa chini msimu mmoja, na kwa msimu wa 2016/17 ikawa imerudi Ligi Kuu. Ndanda ilipokuwa inashuka mwaka 2020, Ruvu Shooting ilikuwa bado imo. Chukua Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Morogoro, bingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000. Ilishuka mwaka 2024. Mwaka 2025 ikapanda tena. Kiwanda kilikuwepo wakati inashuka, na kilikuwepo wakati inapanda.

Sasa zitazame zile timu tano zilizoaga mwaka 2020. Katika hizo tano hapakuwa na timu ya jeshi, wala ya polisi, wala ya magereza, wala ya halmashauri, wala ya kiwanda. Alliance ilikuwa na shule nyuma yake, na hilo lisisahaulike. Kwa hiyo sisemi kwamba ukiwa na mwenyewe hutashuka. Utashuka tu, siku ikifika. Ninachosema ni kwamba mwenye timu ndiye anayeamka asubuhi baada ya kushuka na kuuliza mipira iko wapi.

Lakini hapo pana mtego, na watu wa Mtwara tunaujua kuliko wengine. Enzi zile tulipokuwa tunakaa karibu na redio, kila mkoa ulikuwa na timu ya shirika. Morogoro walikuwa na Reli. Moshi walikuwa na Ushirika. Dar es Salaam kulikuwa na Sigara, Mwanza kulikuwa na Pamba, na sisi tulikuwa na Bandari ya Mtwara. Mtangazaji alipolitaja jina la Bandari, nyumba nzima ilinyamaza. Zilikuwa timu zenye wenyewe, tena wenyewe wenye nguvu. Mchezaji alikuwa na kazi, ana mshahara, na basi la timu lilikuwa na mafuta. Halafu ikaja miaka ya 1990, mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa au kubana matumizi, na jambo la kwanza kukatwa kwenye bajeti likawa mpira. Timu zikafifia moja baada ya nyingine. Pamba ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka ishirini, hadi ilipopanda tena mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji, ikiwa mikononi mwa Jiji la Mwanza.

Mji wetu wa Mtwara una kata inaitwa Reli. Mgeni akisikia anauliza treni inaondoka saa ngapi. Treni haipo. Waingereza waliijenga reli mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mradi wao mkubwa wa karanga, ikaelekea Nachingwea. Karanga zikashindikana, reli ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyenyewe vikang'olewa. Limebaki jina. Kilichojengwa kwa haja ya mtu mwingine huondoka na haja yake. Sipendi Ndanda nayo iwe jina tu, mtoto akilisikia adhani ni la mchezaji.

Kwa hiyo tufanye nini? Nimezungumza na vijana, nimezungumza na wazee, na kila mtu jibu lake la kwanza ni kwamba atafutwe mfadhili. Wengine wanataja makampuni ya gesi, wengine wanataja wenye maghala ya korosho, wengine wanasema Serikali. Mfadhili ni mtu mwema, simkatai, na siku akija tutampigia makofi. Lakini mfadhili ni mgeni. Mgeni njoo mwenyeji apone, ni sawa, ila mgeni huyo ana kwao na siku moja atafunga mizigo. Je, siku hiyo tutakuwa tumebaki na nini?

Mimi natoa mawazo matatu, madogo, ambayo hayahitaji mtu kutoka mbali.

La kwanza, timu iwe na wanachama wanaojulikana kwa majina na kwa kadi, wa hapa na wale waliohamia Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na ada iwe ndogo kiasi ambacho mama wa ming'oko anaweza kuilipa bila kukopa. Nasema mapema, kabla simu hazijaanza kupigwa: sizungumzii makato ya korosho. Mkulima wetu amekatwa vya kutosha, na neno lenyewe la makato linamtoa jasho. Anayetoa kwa lazima hawi mwenye timu, anakuwa mlipa kodi. Atoe anayetaka, hata wakiwa mia tatu. Mia tatu wanaokuja wakati wa kufungwa ni bora kuliko elfu kumi wanaokuja siku ya Simba.

La pili, hesabu za timu zisomwe hadharani. Ziandikwe kwenye ubao pale langoni: kiingilio cha leo kiasi gani, mafuta kiasi gani, posho kiasi gani. Watu wa mji huu hawaogopi kutoa. Wanaogopa kutoa bila kujua kimekwenda wapi. Hapa Mtwara tunacho kituo cha Taasisi ya Uhasibu Tanzania. Kuna vijana pale wanaofundishwa kutunza vitabu vya fedha. Kwa nini baadhi yao wasijifunzie kazi kwa kuvitunza vitabu vya timu ya mji waliouhamia?

La tatu limetokana na mpwa wangu. Tuna vyuo vya ualimu, tuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris. Kila mwaka wanaingia vijana wapya, wanakaa miaka miwili au mitatu, wanaondoka hawaijui Mtwara zaidi ya njia ya kwenda sokoni. Vyuo hivi vina viwanja, vina wachezaji, na walimu watarajiwa wanapaswa kujua kuwafundisha watoto michezo. Mwaka 2019 na tena mwaka 2021 mashindano ya taifa ya shule za msingi na sekondari, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA, yaliletwa Mtwara, na mji ulijaa watoto kutoka kila mkoa. Tuliweza kuwapokea wa nchi nzima. Hatuwezi kuwapa wa kwetu ligi yao ya kudumu, ya vyuo na mitaa, kila Jumapili, mvua inyeshe isinyeshe? Timu ya kwanza ya mji itachota humo. Na hata isipopanda daraja miaka mitano, mtoto wa Likombe atakuwa na mtu wa kumtazama anayemfahamu kwa jina la nyumbani.

Sina hakika kwamba haya yatairudisha Ndanda Ligi Kuu, na nisingependa mtu aondoke na ahadi hiyo mdomoni mwangu. Ligi imekuwa ghali. Timu zenye fedha zinazidi kuwa na fedha, na barabara ya kusini, pamoja na lami yake na Daraja la Mkapa, bado ni ndefu vilevile. Mafuriko ya mwezi wa Mei 2024 yalipoikata pale Somanga tulikumbushwa jinsi tulivyo mbali. Inawezekana nikazikwa kabla ya kuiona timu ya Mtwara ikicheza tena na Yanga au Simba pale Nangwanda Sijaona. Hilo si langu kuamua. Lililo langu kuamua ni kama nitaendelea kupita langoni na uso wangu chini, nikidai mpira umepotea.

Yule mtoto wa jirani nimemwahidi kwamba Jumapili nitampeleka uwanjani. Mama yake amekubali, kwa sharti kwamba arudi kabla ya magharibi na asile vitu vya barabarani. La kwanza nitalitimiza. La pili, mama wa ming'oko atatuponza. Nimeitoa na ile skafu kabatini. Panya wamekula pembe moja, lakini jina bado linasomeka. Nitamvisha yeye. Akiniuliza tena Ndanda ni nani, nitamwonyesha wale vijana watakaokuwa wanapasha misuli, halafu nitamwonyesha waliokaa, hata tukiwa kumi.